MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nasema hawakukosea, ingawa sidhani kama walikuwa wakifikiria unyanyuaji wa uzani. Huo ndio mchezo ninaotaka kukueleza, ndugu msomaji, maana tangu nijiunge na jimu ya mtaani kwetu naulizwa swali lile lile kila siku: "Kama kweli una nguvu, mbona unachutama?"

Tuanze na msingi. Katika Michezo ya Olimpiki unyanyuaji una sehemu mbili. Ya kwanza ni snachi, ambapo mtaimbo hutolewa sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja. Ya pili ni klini na jeki: mtaimbo hupokelewa kwanza mabegani, halafu husukumwa juu ya kichwa. Zamani ilikuwapo ya tatu, presi, lakini iliondolewa baada ya michezo ya Munich ya mwaka wa 1972. Wanawake nao walianza kushindania medali za Olimpiki katika mchezo huu huko Sydney mwaka wa 2000.

Sasa, snachi na klini kila moja ina njia mbili za kuupokea mtaimbo. Ukiupokea ukiwa umekunja magoti kidogo tu, mapaja hayajashuka hadi kuwa sambamba na sakafu, hiyo tunaiita pawa. Ukiupokea ukiwa umechutama kabisa chini, kisha ukainuka nao, hiyo ni kamili. Waamuzi hawakulazimishi kuchagua hii wala ile. Wao wanataka umalize umesimama wima, mikono imenyooka, umetulia tuli.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Darasani kwetu kuna kijana mmoja wa raga ambaye hufanya pawa klini peke yake. Huniambia, "We dada, huko chini unatafuta nini? Vuta, pokea, weka chini, maliza!" Na kwa upande wake hakosei. Yeye anataka miguu na nyonga zifyatuke kwa kasi ili amwangushe mpinzani uwanjani. Hashindani na mtaimbo. Mimi nashindana nao.

Tofauti iko katika kimo. Mwenye kupokea akiwa karibu wima lazima auvute mtaimbo juu sana ndipo aingie chini yake. Mwenye kuchutama hahitaji kuupandisha hivyo. Yeye hushuka kuufuata. Kadiri chuma kinavyozidi kuwa kizito ndivyo kinavyopanda kidogo, hata uwe na nguvu za simba. Mtazame Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka wa 2021, alishindana katika uzani wa kilo 55. Alinyanyua kilo 97 kwa snachi na kilo 127 kwa klini na jeki, jumla kilo 224, akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza katika historia ya Olimpiki. Kilo 127! Huo ni zaidi ya maradufu ya uzani wake mwenyewe. Mzigo kama huo mtu hauvuti akausubiri amesimama.

Mwanzoni mwa mwaka pawa klini yangu ilikuwa kilo 40, na klini kamili kilo 42 na nusu. Nilidhani ni habari njema, kwamba niko sawa pande zote. Kocha wetu akatikisa kichwa. Aghalabu, alisema, pawa huwa kama asilimia 80 hadi 85 ya kamili. Kwa hesabu hiyo, mwenye pawa ya kilo 40 angefaa kuwa na kamili ya kilo 47 hadi 50.

"Nguvu ya kuvuta unayo, mwanangu," akaniambia. "Kinachokushinda ni kushuka."

"Kocha, naogopa kitaniangukia."

Hakunicheka. Aliondoa vyuma vyote, akaniachia mtaimbo mtupu, nao kwetu ni mmoja tu, ule wa wanaume wa kilo 20, wala hatuna ule wa wanawake wa kilo 15. Akapanga matairi makuukuu sakafuni, kisha wiki nzima akanifunza kuuachilia: uteremke mbele yangu, nami niruke nyuma. Kumbe mtu akijua mlango wa kutokea, haogopi sana kuingia.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba pawa ni kazi bure. La hasha! Yuko mwenzetu aliyependa kamili tu. Akawa anakimbilia chini kabla hajamaliza kuvuta, na mtaimbo unamponyoka mbele kila mara. Huyo kocha alimwandikia pawa kwa wingi, kwa sababu pawa haikubali uvivu: usiponyoosha nyonga na magoti hadi mwisho, mtaimbo haufiki. Kila mmoja wetu alipewa dawa ya ugonjwa wake.

Fauka ya hayo, kuna suala la uchovu. Sisi wa shule ya kutwa tuna muda mchache kati ya kengele ya mwisho na giza. Kwa hiyo Jumanne, nikitoka kwenye hisabati ya vipindi viwili na miguu imelegea, nafanya pawa kwa uzani mwepesi, kasi tupu. Alhamisi nafanya kamili. Jumamosi asubuhi, nikiwa nimelala vya kutosha, nafanya kamili nzito, halafu nachutama na mtaimbo mabegani ili miguu izoee kuinuka kutoka shimoni.

Mama aliposikia habari za kuchutama chini ya chuma aliniambia, "Mwanangu, magoti hayauzwi sokoni." Nikamjibu kwa heshima, "Mama, si hata wewe huchutama ukifua, halafu ukainuka na beseni la nguo mbichi?" Akacheka, lakini akaweka sharti: siku magoti yakiuma, hakuna kwenda. Sharti hilo nalitii mpaka leo, wala kocha hakulipinga.

Mwisho wa muhula wa pili nilipima tena. Pawa klini ilibaki kilo 40 zile zile. Klini kamili ilikuwa kilo 47 na nusu. Kilo tano zimetoka wapi, na kuvuta sikuongeza? Zilikuwa pale chini siku zote, zikiningoja niziinamie.

Kijana wa raga bado anabisha, nami namwachia raga yake. Kazi niliyo nayo sasa ni snachi. Pawa yangu ni kilo 30 na kamili ni kilo 30, kwa kuwa mabega na vifundo vya miguu bado vimekaza kama mti mkavu. Basi kila jioni, kabla ya kufungua vitabu, nachukua kijiti cha ufagio, nakiinua juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka, nashuka polepole hadi chini, nakaa huko nikihesabu hadi kumi. Hakina uzito wowote, na bado kinanitoa jasho.