Tuliondoka Mapema

Bendi yetu ya roki ilipoteza mashabiki wake Nairobi, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa mpiga gitaa la besi, na pia ndiye niliyetafuta shoo, nikapatana na wenye baa na kupanga ratiba. Wenzangu waliniamini. Niliwapoteza njia.

Muziki huu wetu una maisha yake. Redio nyingi za Kenya haziupigi. Bendi kama Murfy's fLaw na Parking Lot Grass zilijijengea jina jukwaani, na sisi tuliokuja nyuma yao tulifuata njia hiyohiyo. Unatafuta baa ambayo mwenyewe atavumilia kelele zako, mnapanda bendi tatu au nne usiku mmoja, mnagawana kiingilio, na mnatumia drams zilezile na amplifaya zilezile kwa sababu kila bendi ikikodi vyake hakuna atakayerudi nyumbani na senti. Sisi tulialikwa na bendi zilizotutangulia. Zikatutambulisha kwa watu wao, na haukupita muda mrefu nikaanza kuwasikia watu wakiimba viitikio vyetu.

Sifa hizo ndizo zilizonivimbisha kichwa. Nilikuwa nimesoma habari za Beatles, jinsi walivyopiga muziki saa nyingi kila usiku kule Hamburg kuanzia Agosti 1960, kisha wakapanda jukwaa la klabu ya Cavern mjini Liverpool karibu mara 300. Nikaamini kuwa bendi hujengwa na saa zake za kupiga tu, na kwamba saa nyingine zote zinapotea bure. Nikaweka sheria: tufike zamu yetu ikikaribia, tupige, tufunge vyombo, twende zetu. Bendi zilizotangulia hatukuzisikiliza. Zilizofuata hatukuzingoja. Mpiga drams wetu aliniambia zaidi ya mara moja kwamba watu wanatutazama tunapoondoka. Nikatia pamba masikioni.

Kuna usiku ambao bado unaniuma. Vijana wa bendi changa walikuwa wanapanda baada yetu, wakaniomba niwaachie matoazi yetu kwa nusu saa. Yalikuwa mapya, tumeyanunua kwa kuchangishana. Nikayafungua kutoka kwenye stendi moja baada ya jingine, mbele ya macho yao, nikayatia begini. Mmoja wao akasema, "Sawa, kaka," akafunga pale toazi lao la pekee, lenye ufa ulioanzia ukingoni hadi karibu na tundu la katikati. Wakapiga nalo. Mimi nilikuwa nimeshatoka.

Baadaye nikaona tumekua vya kutosha kuandaa shoo yetu peke yetu. Nikakodi ukumbi, nikamlipa fundi wa mitambo arubuni, nikabandika mabango, nikaweka kiingilio cha shilingi 500. Jioni hiyo nilikaa mlangoni na kitabu cha tiketi na muhuri wa kugonga mikononi. Waliokuja walikuwa wachache mno. Akaingia dada mmoja niliyemzoea, ambaye kila shoo alisimama mbele na kuimba nasi. Akatazama ndani, akaniuliza, "Kwani wengine wako wapi?"

Nikamuuliza wengine gani. Akaanza kuwataja: yule mwimbaji wa bendi fulani, yule mpiga gitaa wa bendi ile nyingine na marafiki zake, wale wa drams. Aliendelea kutaja, nami nikawa nawaona mmoja mmoja mahali walipozoea kusimama. Hapo ndipo nilipoelewa. Watu niliowaita mashabiki wetu walikuwa wanamuziki wa bendi nyingine na jamaa waliokuja nao. Usiku ule walikuwa upande mwingine wa jiji, kwenye shoo ya wale vijana wa toazi lenye ufa. Hawakuwa wametususia. Walikwenda kwa watu wanaowajua.

Kiingilio hakikutosha kumlipa fundi, nikamalizia deni kwa mshahara wangu kidogo kidogo. Mpiga drams wetu akahamia bendi nyingine. Nilipotaka kumtafuta wa kushika nafasi yake, sikuwa na namba ya simu ya hata mpiga drams mmoja. Bendi ikafa.

Katika habari zilezile za Beatles kulikuwa na jambo nililolipita. Kwenye klabu ya Kaiserkeller, Hamburg, walipokezana jukwaa na bendi nyingine ya Liverpool, Rory Storm and the Hurricanes. Mpiga drams wa bendi hiyo alikuwa Ringo Starr. Agosti 1962 Beatles walipohitaji mpiga drams mpya, walimchukua yeye, mtu waliyekwisha kumjua jukwaani na nje ya jukwaa. Mimi nilihesabu saa walizopiga, nikawasahau watu waliopiga pamoja nao.

Wewe mwenye bendi sasa, usidhani hili haliwezi kukupata. Linaanza siku watu wanapoanza kuimba nyimbo zako. Fika mapema. Wasikilize wanaotangulia na ubaki kwa wanaofuata. Usiku usio na shoo yako, lipa kiingilio kwenye shoo za wenzako. Na mtu akikuomba matoazi, mwachie. Toazi likipasuka utanunua jingine. Watu hawauzwi dukani.