Kutunza Bainda Katika Joto la Pwani

Najua wengi wenu mnakuja hapa kwa ajili ya viwavijeshi na chanjo za kuku, na hayo yatarudi. Leo naandika kuhusu vazi. Wasomaji wawili wameniuliza faraghani namna ya kulitunza, na nyumbani kwangu yupo kijana anayelivaa, kwa hiyo kwa miaka mitatu sasa nimeliona likifuliwa, likianikwa na kuchakaa.

Vazi lenyewe linaitwa bainda. Ni fulana fupi ya kubana kifua, na wanaoivaa zaidi ni wanaume trans, yaani wanaume ambao walipozaliwa waliandikwa kuwa wasichana. Inalaza matiti ili kifua kionekane bapa chini ya shati. Kijana wangu, mtoto wa kaka yangu, aliniambia kwamba bila bainda hutembea amekunja mabega, amekumbatia mkoba kifuani, hata njia ikiwa tupu. Akiivaa anasimama wima na kusalimia watu. Anaishi nami hapa Kilifi tangu yeye na baba yake waliposhindwa kukaa nyumba moja. Ananiita shangazi, namwita mwanangu, na Kiswahili kimetupunguzia kazi, kwa kuwa "a-" yetu haiulizi mtu ni wa kike au wa kiume. Nimemsomea makala haya yote akanikubalia, isipokuwa utani mmoja ambao nimeuondoa.

Kwa nini tujisumbue na utunzaji? Kwa sababu bainda haiuzwi sokoni kwetu. Ya kwanza ililetwa na rafiki yake kutoka ng'ambo, ya pili iliagizwa, na bei pamoja na usafirishaji ikakaribia mshahara wake wa wiki mbili. Kila mwezi unaoongezea maisha ya bainda ni pesa. Pia ni afya, na hapo nitafika.

Tuanze na kitambaa. Bainda nyingi zina kipande kigumu mbele, kisichovutika sana, na mgongoni zina kitambaa cha nailoni kilichochanganywa na spandeksi. Hiyo spandeksi ndiyo inayofanya kazi. Ilivumbuliwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani. Uzi wake huvutika zaidi ya mara nne ya urefu wake kisha ukarudi. Ila uwezo huo wa kurudi ndio unaokufa kwanza, na maadui zake ni joto, dawa ya klorini, jua kali na mafuta ya mwili. Mkulima anayeacha bomba la mgongoni juani anaujua ugonjwa huu. Mpira haukatiki siku moja. Unalegea kidogo kidogo, na unakuja kushtuka dawa ikikutiririka mgongoni.

Kwa hiyo fua kwa mkono, kwa maji baridi au yenye uvuguvugu mdogo. Loweka robo saa, kamua povu likipita kwenye kitambaa, usisugue kwa brashi. Jik na dawa nyingine za klorini zisiikaribie hata kama imebadilika rangi kwapani. Bainda ya kijana wangu ina madoa ya njano ambayo hayatoki, na hakuna anayeyaona chini ya shati. Dawa za kulainisha nguo nazo ziache, kwa sababu huacha utando kwenye nyuzi na kitambaa kikashindwa kunyonya jasho.

Kuna jambo la maji ambalo maelezo yanayokuja na bainda hayalitaji, kwa sababu waliyoyaandika hawachoti kisima cha Kilifi. Maji yetu mengi ya visima ni magumu, yana chokaa. Sabuni ya kipande ikikutana na chokaa haitoi povu, inatoa ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni, na utando huohuo unaganda kwenye kitambaa. Bainda inakauka ikiwa ngumu kama gunia na kuchubua chini ya kwapa. Sisi tunatumia maji ya mvua tukiwa nayo. Yakiisha, tunatumia sabuni ya unga kidogo, isiyo na dawa ya kung'arisha, kisha tunasuuza mara tatu. Ukisuuza mara moja tu ngozi itakuambia.

Usiikamue kwa kuisokota. Itandaze kwenye taulo kavu, kunja taulo na bainda pamoja kama mkeka, kanyaga au bonyeza, kisha kunjua. Maji mengi yatabaki kwenye taulo.

Kuanika ndiko kulikotusumbua kuliko yote, na si kwa sababu ya kitambaa. Uani kwetu kamba ni moja na majirani ni wengi. Mwanzoni kijana alikuwa akiianika chumbani nyuma ya mlango, asubuhi anaivaa ikiwa na unyevu. Pwani hii, msimu wa masika, nguo iliyofichwa nyuma ya mlango haikauki, inaota ukungu. Akapata upele mwekundu kwenye mkunjo wa chini ya kifua, unawasha, unanuka. Mfamasia alimpa krimu ya fangasi ukaisha, lakini ungerudi kama tusingebadilisha mahali pa kuanika. Suluhisho lilikuwa leso zangu. Tunaanika leso mbili kwenye kamba, moja mbele moja nyuma, na bainda inakaa katikati, kwenye sehemu ya kamba iliyo chini ya mwembe. Upepo wa bahari unapita, jua haliifikii, macho hayaifikii. Ni kanuni ileile ninayofundisha ya kukausha mboga za majani: kivuli na hewa, si jua la saa saba. Ining'inize kwa kuikunja katikati juu ya kamba, usiibane kwa vibanio mabegani, maana uzito wa maji utavuta mikanda. Pasi usiiguse kabisa.

Ukiweza, kuwa na mbili. Moja ikivaliwa nyingine inakauka sawasawa na nyuzi zake zinapumzika. Najua nimetoka kusema bei yake. Lakini bainda moja inayovaliwa kila siku ikiwa mbichi kwa jasho haitafika mbali, na nimeona tofauti nyumbani kwangu.

Sasa kumbukumbu. Wanaonijua wanajua siwezi kumaliza makala bila daftari. Bainda ikiwa mpya, kabla hujaivaa, ilaze juu ya meza bila kuivuta, pima upana wa kifua na uandike tarehe. Pima tena kila mwisho wa mwezi, baada ya kufua na kukauka. Ya kijana wangu ilianza sentimita 36. Miezi minne haikusogea. Mwezi wa tisa ilikuwa 38, na wa kumi na moja 39. Mgongoni ukiinyanyua kuelekea dirishani unaona mwanga unapita, na kingo za chini zimejikunja mawimbi. Hiyo imekwisha, hata kama haina tundu hata moja.

Bainda iliyokwisha ndiyo hatari, na watu wengi hawalioni hilo. Wanadhani hatari ni ile mpya inayobana. Mwaka jana kabla hatujaanza kupima, bainda yake ya kwanza ililegea. Mwenyewe hakusema kitu kwa mtu. Alinunua bandeji ya lastiki ya kufungia kifundo cha mguu, akaizungushia kifuani juu ya bainda, akaenda kazini. Kazi yake ni kwenye banda la kuku wa nyama, na siku hiyo walishusha magunia ya chakula, ya kilo 50. Ilikuwa mwezi wa Februari. Mnaujua mwezi wa Februari hapa. Mwenzake alinipigia simu kwamba ameketi chini ya mnazi na hawezi kuvuta pumzi hadi mwisho.

Nilimkuta amekuwa wa majivu mdomoni. Bandeji haifanani na bainda: imetengenezwa kukaza, na kila unapotoa pumzi inaingia zaidi, kisha haikupi nafasi ya kuivuta tena. Niliifungua palepale nyuma ya banda. Zahanati, daktari msaidizi alimuuliza ameumiaje mbavu, naye akajibu ameanguka kutoka kwenye lori. Sikumkatiza. Tulipotoka nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Shangazi, nikimwambia ukweli atanihubiria, halafu hatanipima." Tulirudi jioni kwa muuguzi ninayemfahamu, mama mtu mzima, akaambiwa ukweli wote. Alimsikiliza mapafu mbele na nyuma, akabonyeza mbavu moja moja, akasema hakuna iliyovunjika ila nyama za kati ya mbavu zimeumia. Akampa dawa ya maumivu, wiki tatu bila kubana chochote na bila magunia, na kila saa avute pumzi ndefu mara kumi na akohoe hata kama inauma, ili makohozi yasikae kifuani. Hakuhubiri hata neno.

Wiki zile tatu zilikuwa ngumu kwake kuliko maumivu. Alivaa shati la khaki kubwa lenye mifuko miwili kifuani juu ya fulana nyeusi, na siku kadhaa hakutoka nje ya geti. Naliandika hili kwa sababu washauri wengine husema "acha tu kuvaa" kana kwamba ni kofia. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa watu wazima 1,800 wanaobana vifua. Zaidi ya asilimia 97 walitaja angalau tatizo moja la mwili, kama maumivu ya mgongo, joto au kukosa pumzi. Watu haohao walieleza pia kwamba kubana kulipunguza huzuni na wasiwasi na kuwafanya wajithamini. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Na katika mambo yaliyohusiana na matatizo hayo, idadi ya siku za kuvaa kwa wiki ilijitokeza mara kwa mara. Kwa hiyo sisi tulianza na siku. Jumapili hakuna bainda, na siku nyingine ya katikati ya wiki akiwa hana safari.

Kwa siku za kuvaa, ushauri unaotolewa kwa kawaida ni usizidishe saa nane, usilale nayo, na usiivae kwenye kazi nzito au michezo. Kijana wangu siku za magunia anavaa fulana ya michezo inayobana kiasi, na lile shati la khaki. Ganzi mikononi, maumivu makali ubavuni au pumzi fupi ni ishara ya kuivua papo hapo, hata kama uko harusini. Ukiwa na pumu au kifua kimekubana kwa mafua, iache hadi upone. Usivae mbili kwa pamoja, usinunue saizi ndogo kuliko kipimo chako ukidhani itadumu zaidi, na ile gundi ya utepe ya mafundi bomba iache kwa mafundi bomba, inang'oa ngozi.

Mshono ukifumuka, fundi anaweza kuokoa bainda, lakini si kila fundi. Mwambie atumie mshono wa kwenda pembe pembe, sindano ya ncha butu ya vitambaa vya kuvutika, na uzi wa poliesta. Mshono wa moja kwa moja utakatika siku ya kwanza atakapoinua mikono kuvaa. Usikubali apunguze pembeni ili "ibane kama zamani". Kitambaa kilichokufa hakifufuki kwa kupunguzwa. Unapata vazi dogo ambalo halivutiki, na hilo halina tofauti kubwa na ile bandeji. Kwa fundi wetu tulisema tu ni vazi la kusaidia mgongo. Hakuuliza zaidi, alitoza shilingi 100.

Iliyokwisha sisi hatujaitupa. Kijana aliikata kamba za mgongoni, na sasa zinafungia miche ya pasheni kwenye waya. Spandeksi iliyolegea haikati shina.

Wale wawili mlioniandikia, mmoja aliuliza kama anaweza kufua kwa mashine: unaweza, ndani ya mfuko wa neti, maji baridi, mzunguko wa polepole, na kile kikaushio cha moto usikitumie. Wa pili aliuliza anunue wapi. Nitakujibu kwa faragha. Kabla hujaagiza chukua futi ya fundi, pima mzunguko wa kifua mahali palipojaa zaidi, na upana kutoka bega hadi bega, bila kuvuta tumbo ndani. Saizi zao si kama za mitumba.

Wiki ijayo tunarudi kwenye minazi na mbawakawa wake.