Mkutubi na Hati za Pwani
Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alipokimbilia upande wa Wadachi mwaka 1896, Gazi ilipoteza mtawala. Hati za pwani nazo zilikuja kuhama, nyingine kwa mikono ya wapenzi wa hati hizo. J. W. T. Allen alizikusanyia maktaba ya Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa Leiden mwaka 1970. Kazi hiyo yastahili shukrani. Lakini mkutubi anayezitunza hana budi kuzisoma khati za Kiarabu, tena si matini tu bali na pambizo (huko ndiko msomaji wa zamani alikoacha sauti yake). Asipoweza, atailinda karatasi dhidi ya mchwa na unyevu, ilhali mzee wa Gazi awezaye kuisoma hataulizwa.