Tabora ya Sentimita 160

Chumba changu hapa Dresden kina urefu wa mita 3.1 na upana wa mita 2.7. Ondoa kitanda, kabati, meza, hita iliyo chini ya dirisha na nafasi ya mlango unaofungukia ndani. Kinachobaki ni ukuta mmoja juu ya meza ya kusomea, na mkataba wa hosteli unakataza kuutoboa. Humo ndimo nilimoamua, Novemba iliyopita, kujenga reli.

Nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa uchukuzi, kwa hiyo wenzangu darasani hawakushangaa. Ujerumani hii kuna wazee wenye vyumba vizima vya vitreni vya umeme. Lakini sababu yangu ilikuwa baba.

Baba alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia hauna nguvu, na maneno humjia polepole, mengine hayaji kabisa. Simu zetu za Jumapili zilikuwa zimebaki na maswali matatu: umekula, baridi vipi, masomo yanaendaje. Nikawaza kwamba nikiijenga stesheni ya Tabora, alikofanya kazi miaka 31, tutapata la kuzungumza.

Nilianza kwa hesabu. Kipimo nilichokitaka ni 1:87, ambacho mtu mzima anakuwa na urefu wa sentimita mbili hivi. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ni kama kilomita 1,250. Ukiipunguza mara 87 inabaki zaidi ya kilomita 14. Basi tuseme Tabora peke yake. Hata hapo, kila kilomita moja ya reli inadai mita 11 na nusu, nami nina ukuta wa mita tatu wenye kabati.

Hesabu moja ilinipendelea. Upana wa Reli ya Kati, kati ya chuma na chuma, ni mita moja. Gawa kwa 87 unapata milimita 11.5. Sasa, Ujerumani Mashariki ya zamani walipenda sana vitreni vya kipimo cha TT, vyenye reli ya milimita 12. Hapa Dresden vimejaa sokoni kwa bei ya mitumba. Nusu milimita ningeweza kuisamehe. Jumamosi moja nilikwenda kwenye soko la vitu vya zamani kando ya mto Elbe, nikanunua reli za kujaza mfuko, kichwa kimoja cha treni na magurudumu ya mabehewa. Vyumba vya mabehewa ningevitengeneza mwenyewe kwa kadibodi. Muuzaji aliniuliza ninajenga reli ya wapi. Nikamwambia Tabora, reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1912. Hakuwahi kuisikia. Akaniongezea pointi mbili bure, yaani vile vipande ambavyo njia moja hugawanyika kuwa mbili.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na kila kitu. Jengo la stesheni, jukwaa, miembe, njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zikiachana, na duara ili treni izunguke bila kukoma. Duara lilikufa kwanza. Kona za reli nilizonunua zina nusu kipenyo cha sentimita 31, kwa hiyo mzunguko mzima unataka ubao wa karibu sentimita 70, na ningelala chini yake kama fundi gari. Vilivyobaki nilivibana kwenye karatasi, nikapiga picha, nikamtumia mama amwonyeshe baba.

Jumapili mama alishika simu. "Shikamoo baba."

"Marahaba." Akaiangalia karatasi muda mrefu. Kisha, neno moja moja: "Umechora... anavyoona... abiria."

Nikamuuliza kilichokosekana.

"Mabehewa yanapangwa wapi?"

Niseme ukweli hapa. Baba hakuwa dereva. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye kokoto, usiku kwa taa ya mkononi: kuunganisha mabehewa, kuyatenga, kufungua pointi, kumwelekeza dereva arudi nyuma taratibu. La Mwanza huku, la Kigoma kule. Alirudi asubuhi akinuka grisi, akalala tulipokuwa tunakwenda shule. Nilipofika sekondari ya bweni niliwaambia wenzangu kwamba baba anaendesha treni ya Kigoma. Siku ya wazazi alikuja na koti lake la kazini, na rafiki yangu akamuuliza, "Mzee, ile treni unaiendesha mwenyewe?" Baba alinitazama. Kisha akamjibu kwa upole, "Tunaiendesha wengi." Hatukuwahi kulizungumza tena.

Nikafuta jengo. Nikafuta jukwaa, miembe na njia zote mbili za mbali. Kuna mpango mdogo uliobuniwa na Mwingereza, Alan Wright, unaoitwa Inglenook Sidings, nao una njia tatu tu na pointi mbili. Njia ndefu inabeba mabehewa matano, mbili fupi matatu matatu, na mkia wa kuvutia unatosha kichwa na mabehewa matatu. Una mabehewa manane. Unachagua matano kwa kura, nayo lazima yapangike kwa mfuatano uleule uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Kwa mabehewa yangu ya sentimita 12, yote haya yanaenea kwenye ubao wa sentimita 160 kwa 30. Niliusimamisha juu ya rafu mbili za vitabu, ukuta ukabaki mzima.

Februari kila kitu kilitembea. Nilipiga kura, nikaandika namba kwenye karatasi, nikapanga. Hatua 23. Jumapili nikaweka simu juu ya kamusi ili baba aone ubao wote, nikarudia kura ileile.

Hakusema kitu. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaupunga taratibu kana kwamba ameshika taa. Nikasogeza kichwa. Mkono ukasimama, nikasimamisha. Intaneti ilichelewa sekunde moja, tukagonga behewa mara mbili, na mama akacheka nyuma ya simu. Lakini maneno hayakuhitajika, na mkono ule haukusita hata mara moja. Hatua 14. Nilikuwa sijawahi kumwona baba kazini. Nilikuwa na miaka 26.

Wiki iliyofuata nilipaka rangi mtu mmoja wa sentimita mbili, nikamsimamisha kando ya pointi ya kwanza, na tone la rangi ya njano mkononi.

"Huyo nani?" baba akauliza.

"Ni wewe, baba."

Akamtazama. Mama alisogeza simu, nikaona dari, kisha uso wake tena.

"Dereva... yuko wapi?"

"Sijamweka."

"Mweke. Treni haiendi... yenyewe."

Nikasema, "Baba, ile siku ya wazazi, kule shuleni..."

Mkono wa kushoto ulikuwa tayari juu. Ukaanza kupunga, polepole, kuelekea njia ya pili, lilipokuwa behewa namba tatu.