Uhakiki na Hukumu

Mtu apewaye kitabu akihakiki hupewa kazi mbili kwa mara moja: kazi ya kuona na kazi ya kuhukumu. Ya pili huonekana tukufu kuliko ya kwanza, na kwa sababu hiyo aghalabu hutangulizwa. Hakimu wa mahakama akikosea hukatiwa rufani. Mhakiki akikosea mara nyingi hapati wa kumrudisha nyuma, maana aliyehukumiwa hunyamaza akaenda zake.

Alikuwako mwanafunzi mmoja wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyejifunza jambo hili nje ya darasa. Alipanga chumba Mabibo, jirani na Manzese na Ubungo, mahali ambapo wanafunzi, wachuuzi, mafundi na wastaafu huchota maji katika bomba moja. Bibo ni tunda la mkorosho, na kila aliyelila anajua ajabu yake: korosho, ambayo ndiyo mbegu, haimo ndani ya nyama ya tunda bali huning'inia nje. Mwanafunzi aliupenda mfano huo. Alisema kuwa fasihi nayo ni vivyo hivyo. Mbegu yake ni jamii, nayo iko nje ya kitabu. Maneno hayo yalikuwa mazuri, na mwenyewe aliyaamini.

Wakati huo alikuwa akiandika insha ndefu juu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Msichana wa Ukerewe analelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, ambaye humpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akitoka chini ya fimbo ile na kwenda masomoni mbali, hana ngao yoyote moyoni. Anapotea, na mwisho anajiua. Kitabu kilipotoka, kiliwakera wengi kwa jinsi kilivyosema waziwazi mambo ya mwili, na kwa muda kilizuiwa shuleni. Baadaye kilirudi, kikasomwa na kutahiniwa. Maneno ya kitabu hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni macho ya waliokisoma.

Mwanafunzi aliwacheka wale wa kwanza. Aliandika kuwa walihesabu aibu wakasahau kuuliza imetoka wapi. Tena aliwacheka washika kanuni wa ushairi, ambao mwandishi huyohuyo alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, walikataa kuyaita mashairi. Wao walishikilia sheria kama zilivyoandikwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, na wasomi kama Mulokozi na Kahigi wakasimama upande wa pili. Mwanafunzi alijiona yu huru na makosa ya makundi yote. Yeye aliuliza swali moja tu kwa kila kazi: inasimama upande gani baina ya mnyonge na mwenye nguvu?

Katika uwa wa nyumba ile alikaa mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jioni moja, baada ya shikamoo na marahaba, alimletea kijana daftari la shule lenye mashairi yake ya miaka mingi, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Nitazamie haya."

Kijana aliyatazama usiku mmoja kwa kalamu nyekundu. Penye methali kuukuu aliandika kuwa ni kuukuu, na hapo hakukosea. Lakini shairi moja lilimchosha kuliko yote. Lilikuwa shairi la mtu anayeuliza mlango wa nyumba yake ni nani aliyeufunga. Ubeti baada ya ubeti, mlango huulizwa, nao haujibu. Kijana hakuona mkulima wala mfanyakazi, hakuona tabaka wala unyonyaji. Akaandika pembeni: "Malalamiko binafsi. Jamii haimo." Tena katika ubeti wa tatu palikuwa na mstari wa mizani 12 badala ya 16. Hapo yule aliyewacheka washika kanuni aliazima fimbo yao bila haya, akaandika: "Mizani pungufu. Mtunzi ajifunze kanuni."

Mzee alipokea daftari, akafunua, akasoma, akasema, "Ahsante, mwanangu." Tangu siku ile hakuleta tena kitu cha kusomwa.

Ilipita miezi. Siku moja mama mwenye nyumba, akichambua mchele barazani, alitaja mambo ya kale bila kukusudia. Mzee yule alikuwa na binti, mwanafunzi wa sekondari. Binti alipata mimba akafukuzwa shule, kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi, hadi Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana wa namna hiyo warudi masomoni. Shule ilimfungia mlango asubuhi. Baba akamfungia wa nyumbani jioni. Alikwenda kwa ndugu wa mama yake, na huko hakukaa. Hajaonekana tena Mabibo. "Na jina lake," akasema mama, "hapa nyumbani halitajwi mbele ya baba yake." Hata hivyo yeye alilitaja kwa sauti ya chini. Lilikuwa jina la silabi nne.

Kijana aliingia chumbani asiweze kuandika. Juu ya meza palikuwa na kurasa zake juu ya Zakaria. Alikuwa amemweleza baba yule wa kitabuni kwa ufasaha: chanzo cha ukali wake, nafasi yake katika jamii, madhara ya malezi yake. Alimlilia Rosa kwa wino. Wakati huohuo Zakaria mwingine alikuwa akiota jua hatua kumi kutoka dirishani pake, na tena huyu alikuwa amefanya jambo ambalo yule wa riwaya hakulifanya: alikaa chini akajishtaki mwenyewe kwa maandishi. Jamii ilikuwamo katika shairi lile yote: shule, sheria, baba, binti, na mlango. Aliyekosekana alikuwa msomaji.

Kesho yake alimwamkia mzee akaomba daftari tena. Alieleza kosa lake kwa shida, akaomba ruhusa ya kuyafuta maandishi mekundu. Mzee alifikiri kitambo. "Acha yakae," akasema. "Ulisema kweli, mizani zimepungua. Ila sikuzikosea."

Hakuongeza neno, na kijana hakuuliza. Walikaa wakasoma daftari lote pamoja tangu mwanzo. Mashairi mawili kijana aliyaona dhaifu mara hii pia, akasema hivyo, na mzee akacheka akakubali. Hukumu ileile iliyomfunga mdomo mara ya kwanza sasa ilimfungulia mazungumzo, kwa kuwa ilitoka kwa mtu aliyekwisha kumsikiliza.

Kisa hiki hakisemi kuwa uhakiki uache kuhukumu. Uhakiki usiohukumu ni adabu tu, na adabu peke yake haijapata kukuza fasihi ya taifa lolote. Wala hakisemi kuwa swali la jamii ni swali baya. Ni swali kubwa, na bila ya hilo Rosa Mistika ingalibaki kuwa kitabu cha aibu hata leo. Lakini swali lolote, liwe la maadili, la tabaka au la vina, likitangulizwa mbele ya kusoma, huwa jibu lililovaa nguo za swali. Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, alimweka Karama mbele ya baraza lenye chuki naye. Hata hivyo mshtakiwa yule alipewa nafasi ya kusema kabla ya kuhukumiwa. Nchi ile ya kubuni, pamoja na dhuluma zake zote, ilimpa Karama haki ambayo daftari la Mabibo halikuipata.

Insha juu ya Rosa Mistika iliandikwa upya, ikawa fupi kuliko ya kwanza. Sura ya Zakaria ilipunguzwa maelezo, ikaongezwa maswali. Mwalimu aliyeisahihisha aliweka alama katika ukurasa mmoja kuwa hoja haijakamilika, na mwandishi wake hakuikamilisha.