Kimea, Chachu na Ulimi wa Shahidi

Mdogo wangu anaishi California, na kwa miaka kadhaa sasa hupika bia nyumbani kwake. Yeye na wenzake wachache hawatafuti bia mpya. Wanajaribu kuirudisha bia ya kiwanda kilichofungwa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Mwanzoni mwa mwaka huu aliniomba niyaandike kwa Kiswahili maelezo ya kazi hiyo, nimsomee Mama Mkubwa wetu kule Marangu. Mama Mkubwa amepika mbege tangu ujana wake, na hakuelewa kwa nini mtu anayeishi jirani na duka la bia ahangaike na masufuria. Msomaji asiyegusa kilevi anivumilie. Nilichokutana nacho katika kazi hiyo ni suala la lugha.

Kiwanda chenyewe kiliitwa New Albion. Kilianzishwa mwaka 1976 huko Sonoma, California, na Jack McAuliffe, aliyekuwa amehudumu Uskoti katika jeshi la majini la Marekani na kuzipenda bia za huko. Jina lilitokana na Francis Drake, aliyeiita pwani hiyo Nova Albion mwaka 1579. Wakati huo bia ya Marekani ilikuwa mikononi mwa makampuni makubwa, na mitambo midogo haikupatikana kwa urahisi. McAuliffe aliiunda yake kwa mikono, kutokana na vyombo vikuukuu vya maziwa na mapipa yaliyokwisha kazi. Kila mpiko ulitoa takriban lita 170 tu. Kiasi hicho hakikutosha kukiendesha kiwanda, na mwaka 1982 kikafungwa. Hata hivyo, waliokuwa wamekitembelea, akiwamo Ken Grossman wa Sierra Nevada, walikuwa wameshaona kwamba jambo hilo linawezekana.

Kupika bia nyumbani kulikatazwa na sheria ya Marekani hadi Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kukuruhusu mwezi Oktoba 1978. Leo mtu mzima anaweza kupika galoni 100 kwa mwaka, yaani lita 378 hivi, kwa matumizi ya nyumbani. Mdogo wangu na wenzake hupika chini ya ruhusa hiyo. Maelekezo ya bia wanayoitafuta si marefu: kimea cheupe cha shayiri, maua ya hopsi ya aina ya Cascade, maji, chachu, na kileo cha asilimia 6 hivi. Wameipika mara nne. Vipimo havikubadilika, lakini kila mara bia ilitoka tofauti. Shayiri ya leo siyo ya mwaka 1976. Uchungu wa hopsi hubadilika kutoka mavuno hadi mavuno. Zaidi ya yote, chachu ni kiumbe hai, na kila ukoo wa chachu una tabia zake.

Nilipokaa kufasiri, nilitarajia Kiswahili kingenikwamisha. Hakikunikwamisha. Kimea tunacho, nalo ni neno lililozaliwa na kitenzi kumea. Mpishi wa mbege huotesha ulezi kama wao wanavyootesha shayiri. Chachu tunayo, kutoka kuchacha, na pembeni yake tunayo hamira tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Tunayo kuchuja, tunayo machicha. Neno lililonisimamisha lilikuwa hopsi. Nilimweleza Mama Mkubwa kuwa ni maua ya mmea utambaao, hutiwa ili bia iwe chungu na inukie.

“Aa, kumbe huo ndio msesewe wao,” akasema.

Msesewe ni mti ambao magome yake hutia mbege uchungu. Mimi nilikuwa natafuta jina. Yeye alitazama kazi inayofanywa na kitu, akafasiri kwa neno moja.

Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwamo katika maelezo yote niliyotumiwa.

“Huyo mzee aliyeianzisha, ameionja hiyo yao?”

“Hapana, Mama.”

“Basi watajuaje kwamba wamefika, mwanangu?”

Swali hilo lina jibu katika historia ya bia hiyohiyo. Chachu ya New Albion ilikuwa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Mwaka 2012 kampuni ya Boston Beer iliipika tena bia hiyo kwa kutumia chachu hiyo, McAuliffe mwenyewe akishiriki, na mwaka uliofuata ikauzwa madukani. Vitu viwili vilikuwa vimebaki hai: chachu, na ulimi wa mtu aliyeikumbuka ladha. Maelekezo yaliyoandikwa yalikuja nyuma ya hivyo viwili.

Sisi wa ushairi tunaijua hali hii. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua alizikusanya tungo zake akishirikiana na W. E. Taylor, na mwaka 1940 diwani ikachapishwa Johannesburg chini ya uhariri wa Hichens. Hati za Kiarabu za kale hazikutenganisha barabara e na i, wala o na u. Aliyeisoma karatasi alilazimika kuwa na neno tayari sikioni mwake; wino peke yake haukumtosha. Mwalimu Sikujua alikuwa na sikio hilo, na waliozikumbuka tungo na visa vyake walikuwa bado wapo. Laiti kazi hiyo ingesubiri miaka hamsini zaidi, tungebaki na herufi nyingi na mashairi machache.

Nimeanza kuandika namna Mama Mkubwa anavyopika. Ndizi zilizovumbikwa hadi zikaiva sana huchemshwa, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Haya yanaandikika. Nilipomuuliza atajuaje kuwa imekuwa tayari, alinijibu, “Ikinyamaza.” Pombe inayochachuka husema, yeye huiinamia na kuisikiliza. Nimeliandika neno hilo daftarini, nami najua kwamba atakayelisoma bila kuwahi kuinama juu ya chungu hatapata kitu. Katika ukoo wetu hakuna mwingine anayepika, na Mama Mkubwa amevuka miaka themanini.

Kwa hiyo nimemwandikia mdogo wangu. Sikumkataza bia yake ya Sonoma. Bidii aliyojifunza kule ndiyo ninayoihitaji hapa. Nimemwomba kwamba Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani, aje mapema kuliko wengine, aache vipimo vyake California, na apike yeye huku Mama Mkubwa akiwa ameketi kando. Aonje yeye. Akitikisa kichwa, mbege imwagwe na ianzwe upya, mara nne au mara kumi, maadamu mwenye kutikisa kichwa yupo. Ulezi wa kuotesha nimekwisha kuununua.