UMELOWA, AU UMEKUNYWA TU?



Leo nataka tujifunze kwa ndege anayeitwa firigogo. Hapa mjini humwoni. Yuko kaskazini mwa nchi yetu, pande za Marsabit na Turkana, kule jua halina huruma. Chakula chake ni mbegu kavu, kwa hiyo lazima anywe maji. Lakini maji yako mbali, na makinda wake hawajui kuruka. Watakunywa nini?

Baba yao huyafuata maji, wakati mwingine kilomita 30. Akishakunywa, haondoki. Hushusha tumbo majini na kujitikisa mpaka manyoya yalowe. Manyoya hayo Mungu ameyaumba na nyuzi ndogo zilizojikunja. Zikiguswa na maji hujikunjua na kuyashika. Hubeba takriban mililita 25, yaani vijiko vitano vya chai. Mengine hukauka njiani. Akifika husimama wima, na makinda huja chini yake kuyafyonza.

Mwingereza Meade-Waldo alipoeleza jambo hili mwaka 1896, wengi hawakuamini. Lilikuja kuthibitishwa mwaka 1967 na Cade na Maclean, katika jangwa la Kalahari.

Sasa nikuambie langu. Kuna wakati nilikuwa nikihubiri mchana pale bustani ya Jeevanjee, mpaka sauti inakauka. Jioni, foleni ya Waiyaki Way. Nafika nyumbani Kangemi saa tatu usiku, na binti yangu ananingoja. "Baba, utaniombea?" Nami namjibu, "Kesho, mama."

Kesho zikawa nyingi. Siku moja nikafika mapema, na hakuniuliza. Alijifunika blanketi, akageukia ukutani.

Mpendwa, usiku ule sikulala. Nilidhani nimechoka, kumbe nilikuwa mkavu. Biblia nilikuwa naifungua kutafuta mahubiri ya watu wa mjini. Nilikuwa nachota na kugawa. Mimi mwenyewe sikuwa nimelowa.

Saa kumi na moja alfajiri nilipiga magoti bila daftari la mahubiri. Jioni ile mimi ndiye niliyemwomba: "Mama, naweza kukuombea?" Alinyamaza. Kisha akasogea kidogo, nipate pa kuketi.

Wewe unayepanda matatu Kawangware kabla ya mapambazuko na kurudi usiku na pakiti moja ya unga, Mungu hakudai tangi. Ni vijiko vitano tu. Soma Kumbukumbu la Torati 6:7 uone neno la Mungu linaanzia wapi: kwa watoto wako, ndani ya nyumba yako. Kaa mbele za Bwana kesho asubuhi mpaka ulowe. Halafu ukirudi, usiseme kesho. Hata dakika moja, mwekee mtoto mkono kichwani.

Tuombe: Baba, tulowesha sisi wazazi, tusifike nyumbani wakavu. Kwa jina la Yesu.

Kama ni maombi yako, sema Amina. Ubarikiwe.